Damu Kwenye Mizizi ya Kunde

Nilikuwa bado naangusha meno ya mbele, moja kwenye muwa, jingine kwenye hindi la kuchoma, siku nilipoona damu ikitoka kwenye mzizi wa kunde. Nasema damu kwa sababu ndivyo nilivyoiona, na ndivyo walivyoiona watu wazima wote waliokuwa wamesimama pale mpakani mwa mashamba mawili. Ilikuwa nyekundu, ikapakaa kwenye ukucha wa Baba Mkubwa Oketcho. Mama Mdogo Nabwire, mwenye zile kunde, aliutazama ule ukucha kama mtu anayejaribu kukumbuka ameacha wapi kitu chake. Nimeifikiria siku hiyo maisha yangu yote, nimesoma mpaka nikapata kazi kwa ajili yake, na bado kuna mahali inaponichanganya.

Hayo yalitokea Sop Sop, upande wa Tororo, Uganda, nyumbani kwa Bibi, mama yake baba. Wazazi wangu walikuwa wakiuza mitumba Busia, ng'ambo ya Kenya, wakiishi katika chumba ambacho marobota ya nguo ndiyo yaliyokuwa na haki ya kitanda, kwa hiyo mimi niliwekwa kwa Bibi nikue kidogo kwanza. Boma letu lilikuwa na nyumba ya Bibi, nyumba ya Baba Mkubwa na watoto wake wengi, na nyumba ya Baba Mdogo Obbo, ambaye alikuwa akipakua malori Malaba na kurudi nyumbani anapokumbuka. Nabwire alikuwa mke wa huyo Obbo. Alikuwa hajapata mtoto, lakini hilo lilikuwa bado linasemwa kwa upole, maana walikuwa hawajakaa sana.

Alikuwa ametoka Majanji, kule ziwani, mtoto wa wavuvi aliyeolewa kwa watu wa jembe. Kidhopadhola, lugha yetu, hakukijua hata cha kuombea maji. Basi kwa ajili yake boma zima lilitoa Kiswahili, kila mtu na kile alichokuwa nacho. Cha Baba Mkubwa kilitoka kwenye mashamba ya miwa Kenya, na kilikuwa kizuri kwa kuamrisha. Cha Bibi kilitoka sokoni Nagongera, na nje ya bei na salamu kilikuwa kinachechemea. Changu nilikuwa nimekipata kwa mama, nami nilikuwa nawasahihisha wote, wakubwa kwa wadogo, bila haya.

Mimi na Nabwire tulipatana upesi kwa sababu ya majina. Kwa Wasamia, watu wa kwao, Nabwire ni jina la msichana aliyezaliwa usiku. Kwetu jina hilohilo ni Athieno, na ndilo langu. Alipoambiwa maana yake alinivuta akanipakata, nikiwa na matope yangu yote.

"Wewe na mimi moja tu," alisema. "Usiku nazaa sisi wote."

Niliringa wiki nzima. Nilikuwa nimepata mtu mzima wangu mwenyewe.

Shida ni kwamba nyumbani kwetu kulikuwa na maneno juu ya watu waliozaliwa usiku. Hayakuwa maneno ya chuki. Bibi aliyasema kama anavyosema habari za watu wanaotumia mkono wa kushoto. Kwamba wengine wao mwili hulala, lakini kitu fulani chao hutoka kwenda kufanya kazi, na wenyewe hawajui. Kwamba kama mtu wa namna hiyo ana shamba, anaweza kuita chakula cha shamba la jirani kiingie kwake, kikahama chini kwa chini bila jembe wala kikapu. Asubuhi huamka kama wewe na mimi, ila miguu ina vumbi. Nilikuwa nakagua miguu yangu kila asubuhi na kila asubuhi ilikuwa na vumbi, kwa sababu nilikuwa mtoto asiyependa kuoga, lakini hilo halikunijia akilini wakati huo.

Sasa niseme habari ya mashamba yenyewe. Baba Mkubwa, kama mkubwa, alilima lile pana lililo karibu na njia, na alilipanda mahindi msimu baada ya msimu, mahindi juu ya mahindi. Nabwire alipewa kipande kilichobaki, mteremko wa changarawe ambako muhogo ulikuwa umeshang'olewa mara nyingi mpaka udongo ukawa kama majivu ya jana. Hakulalamika. Alikuwa amekuja na mbegu za kunde zimefungwa kwenye pindo la leso, akazipanda zote, shamba zima kunde tupu. Tulikula majani yake mpaka watoto wa Baba Mkubwa wakaanza kukimbia wakisikia harufu ya chungu.

Alipomaliza kuvuna alifanya kosa. Kwetu mtu akivuna hukusanya mabua na mashina yote, akayarundika na kuyachoma, shamba likabaki safi, na usafi wa shamba ndio sifa ya mke. Nabwire hakufundishwa hayo. Alizikata kunde zake, akaziacha pale chini, kisha akapita na jembe akizifukia na mizizi yake.

"Shamba yako chafu, mwanangu," Bibi alimwambia. "Choma hii takataka. Watu naona."

"Mama, mimi naona uvivu kubeba," Nabwire alijibu akicheka. "Nafukia tu."

Msimu uliofuata alipanda mahindi, na kati ya mistari akarudisha kunde. Mvua ikaja vizuri. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mahindi ya Baba Mkubwa yalitoka ardhini kama kawaida, yakafika magotini, kisha yakaanza kuwa ya njano. Yalilegea kama yenye kiu, na huku mvua inanyesha. Baadaye chini yake yakachipuka maua madogo ya zambarau, mazuri ajabu, yanayoitwa kayongo. Niliyachuma nikayavaa masikioni, nikachapwa kofi bila maelezo. Watu wa kwetu hawakuipenda kayongo kwa sababu walijua inakuja pamoja na njaa, ila hawakujua ni nani anayeituma. Na upande wa pili, hatua moja tu kutoka pale, mahindi ya Nabwire yalikuwa ya kijani kibichi kinachoelekea weusi. Ungeweza kusimama mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Mvua ilikuwa moja na jua moja. Nilisimama hivyo mara nyingi nikitazama kushoto na kulia, na kichwa changu kidogo hakikupata jibu.

Hakuna aliyesema kitu kwa sauti. Salamu tu ndizo zilizofupishwa. Mke wa Baba Mkubwa akaacha kuazima kinu cha Nabwire. Watoto wake wakaambiwa wasile tena kunde zake, jambo ambalo walilipokea kwa furaha. Ningependa kuandika kwamba Baba Mkubwa alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia kazi. Lakini alikuwa mtu aliyekuwa akinibeba mabegani kwenda kanisani, na mwenye watoto wengi kuliko mahindi, na nilimwona siku moja amechuchumaa katikati ya shamba lake amejishika kichwa. Alikuwa anaogopa. Njaa ilikuwa inamjia akiiona, na shamba la mke wa mdogo wake linacheka kando yake.

Siku hizohizo Nabwire aliniuliza jambo. Tulikuwa tumekaa mlangoni kwake mchana tukichambua majani.

"Athieno, wewe naota?"

"Naota sukari," nilimwambia.

"Mimi naota niko shambani. Nachimba, nachimba, natoa kitu chini, naweka kwangu. Nikiamka mkono nauma."

Alinionyesha viganja vyake. Leo ningemwambia: Mama, mkono unauma kwa sababu umeshika jembe kutwa nzima, na unaota kuchimba kwa sababu hujafanya kingine. Lakini nilikuwa mtoto, nami nilivitazama vile viganja kwa hofu, kisha nikatazama miguu yangu.

Asubuhi ya siku yenyewe, Bibi alikuja kwa Nabwire mapema kumweleza litakalofanyika. Kulikuwa na njia ya kumaliza maneno ya namna hii kwetu, na kwa kweli ilikuwa njia ya huruma. Mwenye kulalamika anachimba mpakani mbele ya watu wa nyumbani. Akikuta kitu kwenye mizizi, anauliza ni cha nani. Mwenye kushukiwa anachukua udongo wa pale pale, anaulamba, anasema si changu. Akisema uongo, udongo wenyewe utamwita. Akisema kweli, yamekwisha, na hakuna mtu tena anayeruhusiwa kufungua mdomo juu ya jambo hilo maisha yote.

"Lamba tu, mwanangu," Bibi alisema. "Lamba, turudi kupika."

Nilikuwa nimeshika gomesi ya Bibi, lile gauni lake refu, na niliona uso wa Nabwire ukitulia. Alikuwa anataka kubaki. Hilo lilikuwa wazi kuliko kitu chochote. Alilipenda lile shamba la changarawe, alimpenda Obbo asiyekumbuka kurudi, na nadhani alinipenda mimi. Kilichotakiwa kwake kilikuwa ulimi na maneno mawili tu.

Tulikwenda mpakani umande ukiwa umekauka. Baba Mkubwa alichimba kwanza upande wake. Mizizi ya mahindi ilitoka imechoka, na kayongo imeishika kwa nyuzi zake, inanyonya. Kisha akavuka upande wa pili, akapiga jembe chini ya shina la kunde na kuliinua taratibu, akakung'uta udongo. Mizizi ilikuwa imejaa vifundo. Vilikuwa vimeshikana kama shanga zilizofungwa na mtu mwenye haraka, vinene, vingi, vingine vikubwa kama punje ya mtama iliyolowa.

"Hiyo iko siku zote," Bibi alisema. "Hata maharage yangu iko."

"Namna hii, Mama? Kubwa hivi?"

Ni kweli kwamba wanawake wote waliokuwa pale walikuwa wameng'oa maharage na kunde tangu utoto wao, na wote walikuwa wameviona vifundo vile na kuvihesabu kuwa ugonjwa, kitu cha kutupa. Lakini vyao vilikuwa vidogo, vya hapa na pale. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kupasua kimoja. Nimewauliza wengi tangu hapo, pande zote mbili za mpaka, na jibu ni lile lile: nipasue kwa nini?

Baba Mkubwa alikipasua kimoja kwa ukucha.

Mke wake alipiga ukelele mdogo akauziba kwa mkono. Bibi aliniachia. Nilisogea mbele kwa sababu nilikuwa mfupi, na nikaona kila kitu, ule wekundu ndani ya kile kitu kidogo na ule wekundu kwenye ukucha. Baba Mkubwa mwenyewe alionekana kushtuka kuliko sote. Nadhani alikuja pale akitumaini kutokuta kitu.

"Nabwire," aliuliza, na sauti ya kuamrisha haikuwepo. "Hii ni yako?"

Bibi akainama upesi, akachota udongo, akauweka kwenye kiganja cha Nabwire, akamkunja vidole. Nabwire alisimama na ule udongo. Alitazama mzizi, akatazama mahindi yake, akatazama ya shemeji yake.

"Mimi hapana jua," alisema.

"Sema tu si yako, shemeji." Aliyesema hivyo ni Baba Mkubwa. Nilimsikia kwa masikio yangu. Yeye aliyeleta mashtaka ndiye aliyekuwa akimsihi. "Lamba, useme si yako. Yaishe."

"Baba, mimi naota nachimba," Nabwire akamwambia. "Kila mara. Nachimba natoa kitu naweka kwangu. Kama si mimi, hii damu ya nani? Na kama ni mimi, nalamba namna gani?"

Alingoja ajibiwe. Nakumbuka kwamba alingoja, akitugeukia mmoja mmoja, hata mimi, na uso wake ulikuwa umechanganyikiwa kabisa, wala haukuwa na ujanja wowote. Basi akafungua mkono akaumwaga ule udongo chini, akafuta kiganja kwenye nguo. Kwetu hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Wenye hatia walilamba, wasio na hatia walilamba, na maisha yakaendelea. Nabwire alikataa kuapa kwa jambo asilolijua, na kwa kukataa akawa ameshindwa.

Mchana ule alifunga sufuria na nguo zake. Hakufukuzwa, nisiseme uongo. Bibi alimwambia angoje Obbo arudi. Lakini alisema anaogopa kulala, kwamba kila atakapolala watoto wa Oketcho watapungukiwa. Akapanda baiskeli ya bodaboda kwenda Nagongera, na kutoka huko akatafuta njia ya kwao. Nililia mpaka nikatapika. Jioni nilimwomba Bibi anifunge mguu kwenye kitanda, kwa sababu mimi na Nabwire tulikuwa moja tu na mimi sikutaka kwenda kufanya kazi nisiyoijua. Bibi alinifunga kwa kitambaa, hakucheka, na aliendelea kunifunga mpaka wazazi wangu waliponichukua.

Obbo alimfuata Majanji mara moja, akarudi peke yake. Baadaye alioa mwingine hukohuko Malaba. Baba Mkubwa akachukua lile shamba la changarawe, akalipanda mahindi, na msimu ule yalikuwa mazuri. Watu wakasema, mnaona, kilichoibwa kimerudi. Nilikuwa nimekuja likizo na nilikula mahindi hayo nikiwa nimechanganyikiwa zaidi, maana yalikuwa matamu. Misimu michache baadaye yakawa ya njano, na maua ya zambarau yakatokea hata pale. Safari hii hakukuwa na mtu wa kumuuliza.

Nilikuwa sekondari Busia, upande wa Kenya, mwalimu wa biolojia alipoleta darasani mche wa maharage, akapasua kifundo kwa wembe na kukipitisha tukitazame. Kilikuwa chekundu. Nilisimama, nikauliza ni damu ya nani. Darasa zima lilicheka, na mwalimu, Mungu ambariki, hakucheka. Alisema swali hilo si la kipuuzi hata kidogo.

Alichotueleza ndicho ninachokifundisha sasa mimi mwenyewe. Hewa tunayovuta, sehemu yake kubwa ni naitrojeni. Imetuzunguka, tumeizamia, na hatuwezi kuitumia, kwa sababu chembe zake hushikana mbilimbili kwa nguvu ambazo mnyama hawezi kuziachanisha, wala mmea. Na bila naitrojeni hakuna jani, hakuna nyama, hakuna misuli ya kusukuma baiskeli. Mahindi yanaweza kusimama katikati ya hewa hiyo na kufa kwa kuikosa. Lakini ndani ya udongo kuna bakteria, wadogo wasioonekana, wanaoweza kuuvunja ule mshikamano. Kunde ikiwa kwenye udongo wenye njaa, mizizi yake huwaita. Wao huingia, mmea ukawajengea vyumba, ndivyo vile vifundo, ukawalisha sukari iliyotengenezwa na majani juani. Nao hulipa kwa kuichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mmea ukifukiwa ukaoza, chakula hicho hubaki ardhini, na mahindi ya msimu ujao yakakikuta; kayongo nayo hustawi pale kinapokosekana.

Na ule wekundu? Hapo mwalimu alinimaliza. Bakteria hao hawawezi kazi yao oksijeni ikiwa nyingi, na wakiikosa kabisa wanakufa. Kwa hiyo mmea hutengeneza kitu cha kuwashikia oksijeni na kuwapa kidogo kidogo, na kitu hicho ni ndugu wa kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu. Kifundo chekundu ni kifundo kinachofanya kazi. Kilichokufa au kilichochoka huwa cheupe au kijani ndani. Ukiacha radi, na viwanda vinavyochoma moto mkubwa kutengeneza mbolea ya gunia, ni hawa na bakteria wenzao tu wanaoiteremsha naitrojeni mpaka kwenye sahani zetu. Mtoto wa Baba Mkubwa na mtoto wa yeyote amejengwa kwa kazi yao.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikaa nikaona giza. Maana ukiondoa jina la mtu, Baba Mkubwa alikuwa amesema nini? Kwamba kuna kitu kinachovutwa bila mikono kikiingia shamba la Nabwire. Kweli kilivutwa. Kwamba mwenye shamba hajui kinavyokwenda. Kweli hakujua. Kwamba kuna damu chini. Ilikuwepo, au binamu yake. Kila ushahidi ulikuwa sawa na hukumu ilikuwa batili, na mpaka leo sijui nimlaumu nani kwa hilo. Hata lile kosa la uvivu wa kubeba takataka ndilo lililolisha mahindi yake.

Ilinichukua miaka mingi kwenda Majanji. Kila likizo nilipata sababu. Mwaka jana nikaenda. Bibi alikuwa ameshafariki, na Baba Mkubwa pia, nikaona kwamba wanaojua habari ile wanaisha. Nilibeba mche wa kunde wenye mizizi yake, nimeufunga kwenye gazeti lililolowa.

Nilipouliza ufukweni, kijana mmoja aliniuliza natafuta Nabwire yupi, kisha akasema, "Ah, ile mama ya ukweli." Mwanamke aliyekuwa anapima samaki akaeleza bila kuulizwa. Huyo mama, alisema, ndiye wanayemwachia funguo za maduka na pesa za chama cha akiba. Alitoka kwa bwana yake kwa sababu alikataa kuapa uongo. Wangemsamehe, lakini alikataa. "Hii mtu hawezi kudanganya hata mtoto."

Nilimkuta anageuza mukene kwenye wavu, wale samaki wadogo wanaoanikwa juani. Alikuwa amezeeka na mgongo umeinama, lakini alinijua kabla sijasema jina. Tulilia kidogo, tukala. Aliniambia kwamba tangu siku ile hajapanda hata kitunguu. Ndiyo maana alichagua samaki, kwa sababu samaki hawaoti ardhini na ziwa halina mpaka wa kuvukia.

Basi nikautoa ule mche. Nilimweleza kila kitu, polepole, kwa Kiswahili chepesi kuliko vyote nilivyo navyo. Alikipasua kifundo mwenyewe. Alipoona wekundu mkono wake ulirudi nyuma, kisha akaurudisha.

"Hii wadudu nachukua hewani?"

"Hewani, Mama."

"Hewa ya nani?"

"Ya watu wote. Haipungui."

"Na mimi nalala tu?"

"Ulikuwa umelala. Hukuchukua kitu cha mtu."

Alifuta ukucha wake kwenye nguo.

"Basi ningelamba," alisema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililoniuma. Kisha akauliza, "Obbo iko na watoto?"

"Anao."

"Wengi?"

"Wengi, Mama."

Akarudia lile neno, wengi, akageuza samaki wachache ambao walikuwa wameshageuzwa. Nilitaka kumshika mkono lakini sikuthubutu. Mwishowe akanigeukia, na uso ulikuwa ule ule wa pale mpakani, umechanganyikiwa vilevile.

"Athieno, hii maneno usiseme hapa. Hapa watu naheshimu mimi kwa sababu ya ile udongo. Mimi natoka Sop Sop ili watoto ya Oketcho nakula. Hiyo ndiyo mimi iko nayo. Sasa wewe nasema hapana, hakuna kitu, ni hewa. Basi mimi nani? Mjinga naogopa kunde?"

Nilimwambia si mjinga. Nilimwambia kwamba sijapata kuona mtu mkweli kama yeye, na kwamba ukweli wake haukuhitaji hatia ili uwe ukweli. Nilisema vizuri, mimi ni mwalimu. Aliniitikia kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mgeni.

Nawafundisha watoto wa watu kwamba kunde haimwibii jirani. Wanaandika, wanafaulu. Nilidhani nakwenda Majanji kumrudishia mama yangu mdogo alichonyang'anywa, na niliona aibu tu kwa kuchelewa. Kumbe kwa miaka yote hiyo alikuwa amejijengea kitu kwa mikono yake mwenyewe, nyumba ya heshima juu ya kosa letu sote, nami nikaingia humo na mzizi mkononi nikaitia ufa, bila kusema neno hata moja la uongo. Sijui kama ilifaa ninyamaze. Nikisema alistahili kujua, namkumbuka akigeuza wale samaki. Nikisema nilipaswa kumwacha, namwona tena pale mpakani, anamtazama kila mmoja wetu akingoja jibu, na mimi ndiye pekee niliyewahi kumletea. Alinisindikiza hadi steji ya bodaboda akiwa amenishika mkono, na hakuniuliza nitakuja tena lini.